Ukuta Kwanza, Skrini Baadaye: Usanifu wa Picha ya Bango kwa Programu za Kuhariri Picha

Bango ni picha inayotazamwa na mtu ambaye hakukusudia kuitazama. Msomaji hukifungua kitabu chake kwa hiari, na mtazamaji wa filamu hulipa kiingilio kabla taa hazijazimwa, lakini mpita njia hukutana na bango akiwa na mambo yake mengine, pengine amebanwa ndani ya daladala au amebeba mzigo, wala hana deni lolote kwa aliyelisanifu. Swali la namna ya kusanifu picha ya bango kwa programu za kuhariri picha hujibiwa mara nyingi kwa orodha ya vitufe vya kubofya, ilhali vitufe hivyo hubadilika kila programu inapotolewa upya na mazingira ya mtazamaji hubaki yaleyale. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba maamuzi karibu yote ya kiufundi, kuanzia ukubwa wa faili hadi rangi, idadi ya nyuso na unene wa herufi, hutokana na ukuta litakapobandikwa bango na umbali wa macho yatakayolitazama, na kwamba kazi nyingi huharibika kwa sababu mbunifu huanza na skrini iliyo nusu mita mbele ya uso wake, akaridhika na kile anachokiona hapo.

Umbali una hesabu yake. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili pale zinapokuwa na pembe ya takriban dakika moja baina yake, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kwa hiyo mtu aliyeshika karatasi sentimita 30 kutoka usoni huweza kutofautisha nukta zenye upana wa karibu milimita 0.09, jambo linaloeleza kwa nini wachapishaji wa majarida walizoea kudai nukta 300 kwa kila inchi. Mtu huyohuyo akisimama mita 2 kutoka ukutani, nukta 44 kwa inchi humtosha, na akiwa mita 10 hatambui zaidi ya nukta 9. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambamo mpita njia hukaribia kugusa kuta za pande zote mbili, bango huhitaji undani wa ukurasa wa kitabu, na kosa dogo la ukataji huonekana na kila anayepita. Kando ya Barabara ya Thika, Nairobi, hali ni nyingine kabisa, kwani gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita 60 kwa muda usiofika sekunde 3, na katika muda huo abiria huweza kupokea umbo moja kubwa na maneno machache, basi. Mbunifu anayetumia saa nzima kunoa kope za msanii kwa ajili ya bango la barabara kuu amefanya kazi ambayo hakuna jicho litakaloifikia.

Kutoka kwenye umbali ndipo unapopatikana ukubwa wa faili. Karatasi za mfululizo wa A, uliotokana na kiwango cha Ujerumani cha mwaka 1922 na baadaye kukubaliwa kimataifa kwa jina la ISO 216, zina uwiano mmoja wa urefu kwa upana, takriban 1.414, na kwa sababu hiyo picha iliyosanifiwa kwa A3 huweza kukuzwa hadi A2 au A1 bila kukatwa popote. Bango la A2, lenye milimita 420 kwa 594, likitayarishwa kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli 4961 kwa 7016, pikseli zikiwa ni vile vipande vidogo vya rangi vinavyounda picha ya kidijitali. Hizo ni karibu pikseli milioni 35, na kila tabaka lililojaa hula takriban megabaiti 104 za kumbukumbu kabla ya faili kubanwa, hivyo kazi yenye matabaka 20 hukaribia gigabaiti 2 na huweza kuikwamisha kompyuta ya kawaida ya stesheneri. Kwa upande mwingine, picha ya simu yenye pikseli 3000 kwa 4000, baada ya kukatwa ilingane na uwiano wa A, hutoa nukta 171 kwa inchi kwenye A2, kiwango kinachotosha kwa mtazamaji aliye nusu mita kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo dhana kwamba bango haliwezekani bila kamera ya bei kubwa haina msingi. Kinachohitajika ni faili halisi lililotoka kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp imekwisha kupunguzwa na kubanwa, na programu inapoikuza hubahatisha pikseli za katikati kutokana na zile za jirani, bila kurudisha kile kilichopotea.

Ukubwa ukishajulikana, huja suala la kitakachowekwa ndani. Sanaa ya kuunganisha picha kadhaa ziwe picha moja, inayoitwa fotomontaji, ni kongwe kuliko kompyuta, na mabingwa wake wa mwanzo walifanya kazi kwa mkasi, gundi na brashi. Gustav Klutsis, katika Muungano wa Kisovyeti, alitengeneza mwaka 1930 bango lenye mkono mmoja mkubwa ulioinuliwa, ambao ndani yake mlikuwa na mikono mingine mingi ya wafanyakazi. John Heartfield, nchini Ujerumani mwaka 1932, aliunganisha picha ya Hitler anayehutubia na picha ya eksirei ya kifua, akaufanya uti wa mgongo kuwa safu ya sarafu za dhahabu ili aonyeshe fedha zilizokuwa nyuma ya hotuba zile. Kazi zote mbili zina vipande vichache mno, na kila kipande kina sababu ya kukutana na mwenzake, hata mtu asiyejua Kirusi wala Kijerumani hupata sehemu kubwa ya maana. Programu za leo huruhusu vipande mia, na uhuru huo umewaponza wengi, maana moto, mji, gari, helikopta na mvua vikiwekwa pamoja hugombea jicho lilelile moja lenye sekunde 3.

Hata hivyo, mtindo wa nyuso nyingi zinazoelea, uliotawala majalada ya filamu za Tanzania tangu enzi za VCD na DVD, haustahili kubezwa kama wafanyavyo baadhi ya wahakiki. Mnunuzi wa filamu katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, alitaka kwanza kujua nani ameigiza, ndipo aulize kisa, na sura ya mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, iliuza kuliko mandhari yoyote. Ukubwa wa kila uso ulikuwa tamko la bei na hadhi. Hollywood nako hufanya vivyo hivyo, na huko mikataba ya wasanii hupanga hata mfuatano wa majina, ndiyo maana kwenye mabango mengi ya Marekani jina lililo juu ya kichwa fulani ni la mtu mwingine kabisa, kichekesho ambacho hakuna programu iwezayo kukirekebisha. Tatizo la mtindo huo ni la kimpangilio: nyuso tano zinazolingana ukubwa hazimpi mtazamaji pa kuanzia, na nyuso zinazotazama nje ya karatasi hulitoa jicho nje pamoja nazo. Uso mmoja ukizidi nyingine angalau mara mbili, na macho yake yakaelekea upande ulipo mwandiko, mkataba wa biashara hutimizwa na bango husomeka.

Zana za kuunganisha vipande hivyo zina historia fupi. Thomas Knoll, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, alianza mwaka 1987 kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta, akashirikiana na ndugu yake John, na Photoshop ikatoka Februari 1990 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh peke yake. Matabaka, yaani utaratibu wa kuweka kila kipande kwenye ngazi yake inayoweza kusogezwa bila kugusa vingine, yalikuja katika toleo la 3 mwaka 1994. Kabla ya hapo kipande kilichokwisha kubandikwa kiliungana moja kwa moja na kilicho chini yake. Msingi wa kihisabati ulikuwa umewekwa mapema zaidi na watafiti wa michoro ya kompyuta, ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 walibuni chaneli ya alfa, namba ya nne inayoongezwa kwenye kila pikseli, baada ya zile za wekundu, ukijani na ubuluu, ili ieleze ni kiasi gani cha pikseli hiyo kionekane na ni kiasi gani kiachie cha chini yake kipenye. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni za kujumlisha picha zenye chaneli hiyo, na kanuni hizo bado zinafanya kazi ndani ya karibu kila programu, ikiwemo GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley na ambayo hutolewa bure.

Matumizi muhimu zaidi ya wazo la chaneli ya alfa kwa msanifu wa mabango ni barakoa, ambayo ni picha ya weusi na weupe inayoambatanishwa na tabaka: palipo peupe tabaka huonekana, palipo peusi hufichika, na kijivu huonyesha kwa kiasi. Anayetumia kifutio hupoteza alichokifuta, ilhali mwenye barakoa hukirudisha kwa kupaka rangi nyeupe, hata baada ya wiki nzima, mteja atakapobadili nia, na wateja hubadili nia. Mtihani mkubwa wa barakoa ni nywele. Nywele fupi za kipilipili na misuko midogo huruhusu mwanga wa nyuma upenye kingoni, kwa hiyo mtu aliyepigwa picha mbele ya ukuta mweupe hubeba utando mweupe kuzunguka kichwa, na utando huo ukiwekwa juu ya anga la usiku huwa ni alama ya wazi ya kazi iliyoharakishwa. Dawa yake haimo sana ndani ya programu. Ni kumpiga picha msanii mbele ya ukuta wa kijivu, au wenye mwanga unaokaribiana na ule wa mandharinyuma iliyokusudiwa, ili mabaki ya kingoni yasibishane na mahali papya.

Pamoja na barakoa kuna kanuni za kuchanganya matabaka, ambazo huwatatiza wanaoanza kwa kuwa majina yake hayaelezi kinachotendeka. Kanuni ya kuzidisha huchukua thamani ya pikseli ya juu, ikaizidisha kwa ile ya chini na kugawanya kwa 255. Kijivu cha 128 juu ya kijivu cha 128 huleta 64, na matokeo kamwe hayawi meupe kuliko yalivyoanza, hivyo kanuni hii hufaa kwa vivuli na kwa mwandiko uliopigwa picha kwenye karatasi nyeupe. Kinyume chake ni kanuni ya skrini, ambamo nyeusi hutoweka na mwanga hujumlishwa, na ndiyo sababu picha za moto, radi na cheche huuzwa zikiwa juu ya usuli mweusi. Kwa kanuni hizi mbili, barakoa na zana moja ya kurekebisha toni, sehemu kubwa ya mabango ya filamu na matamasha yanaweza kukamilishwa. Mamia ya vichujio vilivyobaki kwenye menyu ni mapambo, na vingine ni mitego.

Kinachoifichua picha ya kuungwa, hata ikiwa imekatwa kwa ustadi, ni mwanga. Mwanga hutoka upande fulani, hutengeneza vivuli vyenye kingo kali au laini, una rangi yake, na huacha tofauti fulani kati ya sehemu iliyomulikwa na iliyo kivulini, na mtazamaji ambaye hajawahi kusoma habari za upigaji picha huhisi mara moja kwamba mambo hayo hayapatani, ingawa hawezi kusema ni lipi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: taa ya balbu ya zamani huwa na takriban kelvini 2800, na huleta umanjano, jua la adhuhuri huwa karibu 5500, kivuli cha mchana chini ya anga la buluu hupita 7000. Msanii aliyepigwa picha ukumbini akiwekwa ufukweni mchana, njano iliyobaki mashavuni humsaliti.

Hapa Afrika Mashariki ina tatizo lake mahususi, ambalo vitabu vya usanifu vilivyoandikwa Ulaya havina sababu ya kulitaja. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mnamo Oktoba, na hata mwezi Juni adhuhuri yake hubaki takriban digrii 60 juu ya upeo wa macho, wakati London mwezi Desemba hupata digrii 15 tu. Picha nyingi za miji, anga na majengo zinazopatikana katika maktaba za intaneti zimepigwa katika nchi za kaskazini, zikiwa na mwanga wa kulala na vivuli virefu; msanii aliyepigwa picha saa 6 mchana Kinondoni ana matundu ya macho yaliyojaa giza, pua yenye kivuli kinachoangukia mdomo, na kivuli chake chote kiko chini ya nyayo. Hakuna kitufe kinachoweza kuligeuza jua la utosini liwe jua la ubavuni, kwa sababu umbo la vivuli usoni hutokana na umbo la uso wenyewe. Suluhisho hupatikana kabla ya kompyuta kuwashwa: kupiga picha kati ya saa 10 na saa 12 jioni, au kumkalisha msanii kibarazani, ambapo mwanga ni laini na hauna upande ulio wazi, kisha kumjengea mwelekeo wa mwanga ndani ya programu kwa tabaka la kung'arisha upande mmoja na tabaka la kufifisha upande wa pili, kila moja likiwa na barakoa iliyopakwa kwa mkono.

Vivuli vya chini navyo vina kanuni zake. Mtu aliyesimama huwa na kivuli chembamba na cheusi sana pale kiatu kinapogusa ardhi, na kingine kipana na hafifu kinachoelekea kinyume cha mwanga. Mbunifu akiweka hicho kipana peke yake, mtu huonekana ameninginizwa. Upeo wa macho nao hauna msamaha: kamera iliyoshikwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama huufanya mstari wa upeo upite machoni mwa kila mtu wa kimo hicho kwenye ardhi tambarare, awe karibu au mbali, kwa hiyo mhusika anayewekwa katika mandhari mapya hupimwa kwa mstari huo kwanza, ndipo hukuzwa au hupunguzwa. Mwishoni huongezwa tabaka moja la chembechembe juu ya picha nzima, kwani picha za simu tofauti zina chembechembe tofauti, na tabaka moja la rangi linalovuta vipande vyote kuelekea toni moja. Hatua hii ya mwisho huficha mengi, hasa katika mabango ya usiku, na pengine ndiyo siri ya usiku kupendwa mno na wabunifu wenye haraka.

Ngozi nyeusi inadai mjadala wake. Katika karne ya 20 kampuni ya Kodak ilisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, na filamu pamoja na mitambo ikapangwa kwa kipimo hicho, hivyo watu weusi walitoka wakiwa wamezama gizani. Kamera za kidijitali zimerithi sehemu ya tatizo kwa njia nyingine, kwa kuwa kipimo chao cha mwanga hudhania kwamba wastani wa kila picha ni kijivu cha kati, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe hupoteza toni zake. Jibu la haraka linaloonekana kwenye mabango mengi ni kuinua mwanga wa uso wote, na matokeo yake ni ngozi ya rangi ya majivu isiyo na umbo. Uso mweusi hujengwa na mng'ao wake, yaani ile mistari na madoa ya mwanga kwenye paji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Kwa hiyo kazi sahihi ni kuziinua toni za kati kidogo, kuuacha weusi wa kina mahali pake, na kuulinda mng'ao usifutwe na zana za kulainisha ngozi. Desturi ya kumbadili msanii rangi hadi majirani zake wasimtambue ina watetezi wanaodai kwamba wateja ndio wanaoitaka. Dai hilo linaweza kuwa kweli, lakini bango lililouza sura isiyokuwepo huleta maswali siku ya tamasha.

Mwandiko mara nyingi huachiwa nafasi iliyobaki, ingawa ndio unaobeba jina, tarehe, mahali na kiingilio. Kwa kipimo kilekile cha jicho, herufi inayosomwa kutoka mita 10 haiwezi kuwa fupi kuliko milimita 15, na ili isomwe bila taabu inahitaji angalau maradufu ya hapo. Kiswahili kina maneno marefu, na kitenzi kimoja huweza kuchukua upana wote wa karatasi, kwa hiyo aina za herufi nyembamba zilizosimama wima hufaa kuliko zile pana zinazopendwa kwa majina mafupi ya filamu za Kiingereza. Pwani imekuwa na mfano wa karibu kwa zaidi ya karne moja: kanga ina pindo, mji na jina, na jina hilo hukaa ndani ya kisanduku chake bila kufinyangwa na maua. Mbunifu anayelaza mwandiko juu ya sehemu tulivu ya picha, au anayeitengeneza sehemu hiyo tulivu kwa barakoa, amefuata busara hiyohiyo. Saa nazo ziandikwe kwa namna moja, ama saa 2 usiku ama 20:00, kwani mchanganyiko wa mifumo miwili umewakosesha watu matamasha.

Rangi zinazoonekana kwenye skrini haziwezi zote kufika kwenye karatasi. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, kila mmoja ukiwa na ngazi 256, na kupata michanganyiko zaidi ya milioni 16. Mtambo wa kuchapisha huchanganya wino wa sayani, majenta, njano na mweusi, ambao hufyonza mwanga badala ya kuutoa. Buluu kali ya skrini hugeuka zambarau, na kijani kinachong'aa huwa kama jani lililokauka. Programu nyingi zina hali ya kuigiza uchapishaji, inayotumia wasifu wa rangi wa mtambo na karatasi husika kuonyesha mapema kitakachotoka, na mbunifu aiwashe tangu mwanzo wa kazi badala ya kungoja mwisho. Nukta za wino pia hupanuka zinapofyonzwa, hasa kwenye karatasi isiyo na mng'aro, kwa hiyo vivuli vya usoni vinavyosomeka kwenye skrini huziba kuwa doa jeusi, na ngozi nyeusi ndiyo inayoathirika kwanza. Mwandiko mdogo huchapishwa kwa wino mweusi peke yake, ili sahani nne za uchapishaji zikisogea kidogo herufi zisipate vivuli vya rangi, na picha hupitishwa milimita 3 nje ya ukingo utakaokatwa. Jua la nje nalo lina neno la mwisho, maana majenta na njano hupauka kabla ya sayani na nyeusi, ndiyo sababu mabango yaliyosahaulika barabarani hugeuka ya kibuluu, na tarehe iliyoandikwa kwa wekundu mtupu hupotea wakati uso wa msanii bado unaonekana.

Ukuta wa pili wa bango la leo ni simu. Picha ileile iliyobandikwa Kariakoo hutumwa kama hali ya WhatsApp, ikiwa na upana wa sentimita 6 au 7, ikitazamwa kwa sekunde chache na kidole kikiwa tayari kuipitisha. Kulipunguza bango la A2 hadi ukubwa huo huzifuta herufi za kiingilio na za namba ya simu, na uwiano wa 1.414 huacha nafasi tupu juu na chini ya skrini ndefu. Njia inayofaa ni kulisanifu upya bango kutoka kwenye faili lilelile la matabaka: uso mmoja ubaki, mwandiko upunguzwe hadi jina, tarehe na mahali, na rangi ziachwe katika mfumo wa skrini. Faili la kuchapishwa, kwa upande wake, hutumwa stesheneri kama hati ya PDF yenye herufi zilizopachikwa ndani, kamwe lisitumwe kama picha ya mazungumzo.

Kuhusu uchaguzi wa programu hakuna haja ya mjadala mrefu. Photoshop imekuwa ya malipo ya kila mwezi tangu 2013, na nakala zilizodukuliwa zinazozunguka mitaani huweza kuja na virusi na huacha kazi ya mteja ikitegemea bahati. GIMP hutosha kwa karibu kila kilichoelezwa hapo juu, ingawa hufanya kazi zake kwa rangi za skrini na kulazimu uangalifu wakati wa kutoa faili la uchapishaji. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari na kufungua mafaili ya Photoshop. Canva ina violezo vinavyookoa muda, na vinavyofanya harusi ya Mwanza na semina ya Mombasa zionekane ni shughuli ya familia moja. Zana za akili bandia zinazozalisha picha, zilizoingizwa katika Photoshop mwaka 2023, hujaza mandharinyuma na kuoanisha mwanga kwa haraka inayotisha, lakini huweza kubuni mwandiko usio na maana kwenye vibao vya maduka na kumwongezea mwanamuziki kidole.

Zana hizo zimelikuza suala la haki, ambalo lilikuwepo tangu siku za mkasi. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, zinamlinda mpiga picha hata kama picha yake imekatwa na kugeuzwa rangi, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamgusa mtu ambaye uso wake umechukuliwa harusini ukaonekana kwenye tangazo la dawa. Kesi inayofundisha zaidi ni ya bango maarufu la Barack Obama la mwaka 2008, lililosanifiwa na Shepard Fairey kutokana na picha iliyopigwa na Mannie Garcia kwa ajili ya shirika la habari la Associated Press. Fairey alidai kwanza kwamba alitumia picha nyingine, kisha akakiri kuwa alifuta baadhi ya mafaili na kutengeneza mengine ya uongo ili kulinda dai hilo. Mgogoro wa hakimiliki ulimalizwa kwa maafikiano mwaka 2011, lakini kwa kuharibu ushahidi alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha nje cha miaka 2, faini ya dola 25,000 na saa 300 za kazi za kijamii. Kwa sababu hiyo faili la matabaka ambalo halijaunganishwa, lenye kila kipande kikiwa na jina la mpiga picha wake na tarehe ya ruhusa, huhifadhiwa na wabunifu makini hata baada ya bango kubanduliwa.